Ngege wa Kitobo

Kasulu,
12 Machi 1974

Dada yangu Theodosia,

Shikamoo. Huku kwetu mvua haijapumua tangu juzi. Epifania ameanika nguo zote ndani, nyumba imegeuka duka la vitambaa, na mimi mumewe nimesukumiwa kizingitini ndipo ninapokuandikia. Sote wazima. Kitinda mimba wetu ameanza kutambaa na kila anachokiokota anakitia mdomoni. Nisalimie shemeji Melkiadi, na binti yenu Esteri, na mjukuu wetu Rosa. Mwambie Rosa bibi yake wa Kasulu anamshonea gauni. Nisalimie pia Katekista Nestori anayekusomea haya na kuniandikia majibu yako. Asituchoke.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Mwaka jana nilipokuja likizo, nilichukua ngege kumi na wawili kutoka ziwa letu la Nyamuzi nikawatia kwenye chupa za spiriti. Ulinicheka ukaniuliza tangu lini samaki akawekwa chupani kama dawa ya kikohozi. Wale samaki niliwapeleka Kigoma kwa mtaalamu mmoja, Bi Mwajabu, mwenyeji wa Ujiji. Ni mtu makini sana. Amehesabu magamba yao moja moja, amehesabu miiba ya mapezi, amewapasua akatazama ndani ya mashavu. Majibu yake yamefika wiki hii. Anasema hawa ngege wetu wa kidevu chekundu hajawaona ziwani Tanganyika, wala Malagarasi kule chini, wala katika kitabu chochote alicho nacho. Anadhani hawapo mahali pengine duniani. Fikiria, dada. Samaki tuliowalia ugali wa muhogo tangu tukiwa watoto!

Ila kati ya wale kumi na wawili, waliokuwa safi ni watatu tu. Saba ni wale weupe, ngege wageni walioingia ziwani karibuni. Wawili hawakueleweka: magamba ya huku, mapezi ya kule. Maana yake wamekwisha kuzaana. Bi Mwajabu anasema wakiendelea hivyo, miaka si mingi kidevu chekundu watakuwa wameyeyukia ndani ya wenzao, na ziwa litaendelea kujaa samaki, na hakuna atakayejua kwamba kuna kilichopotea.

Niambie basi. Nyamuzi wamebaki wengi? Na lile shimo la juu, Kitobo, mto unapoanguka kwenye mawe, wapo? Mgeni hawezi kupanda yale maporomoko.

Ni mimi mdogo wako,
Tharsisi


Nyamuzi, Kibondo,
28 Aprili 1974

Kwa Tharsisi, Bwana Samaki wa Kasulu,

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwako. Dada yako Theodosia ameketi hapa anachambua maharage, na haya ni maneno yake. Mimi Nestori ni mkono tu.

Marahaba mdogo wangu. Tumefurahi kusikia mtoto anatambaa. Sisi hatujambo. Melkiadi amemaliza palizi ya mihogo. Rosa ananyonya bado ingawa ana meno ya kutosha kumng'ata mama yake, na anamng'ata. Esteri hulia na kucheka kwa pamoja.

Habari ya samaki ni hii. Nyamuzi weupe wamejaa. Ukitupa kapu unawatoa hao. Ni wengi, wana nyama, lakini watu wa zamani wanasema nyama yao haina ladha. Kidevu chekundu anatoka mmoja kwa siku nzima, au hatoki. Kitobo ndiko waliko. Nilipanda wiki iliyopita kuchuma uyoga, nikawaona wamejipanga kwenye maji maangavu, madume na videvu vyao kama waliokula tunguja. Wengi. Sikuweza kuwahesabu.

Watu huku wanauliza, na mimi nauliza: hao weupe walitoka wapi? Baba yetu hakuwajua. Babu hakuwajua. Wewe ndiwe Bwana Samaki, utueleze.

Theodosia


Kasulu,
15 Juni 1974

Dada yangu,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari ya Kitobo. Niliisoma nikasimama, nikaketi, nikaisoma tena kwa Epifania, naye akasema sijawahi kumsomea barua yake hata moja namna ile. Tunaendelea vizuri. Gauni la Rosa liko kwenye kifurushi hiki, pamoja na sabuni mbili. Epifania anahofia litambana kwa jinsi unavyosifia mashavu yake.

Sikiliza mpango wangu. Kituo chetu hapa kina mabwawa sita. Mkubwa wangu amenikubalia nitumie moja kuwalea ngege wa Kitobo, mbali na weupe, ili hata Nyamuzi ikiharibika kabisa mbegu ibaki. Ila hawatoshi wawili watatu. Bi Mwajabu ananitaka nipate wasiopungua arobaini, wakubwa kwa wadogo, kutoka kila pembe ya shimo. Niliuliza kwa nini wengi hivyo, wakati ngege mmoja anazaa mamia. Akaniuliza kama mama yangu alipanda maharage ya aina moja.

Unakumbuka kibuyu cha mbegu cha mama? Meupe, meusi, yenye madoa, ya njano, yote pamoja. Mwaka wa ukungu yalikufa meupe, madoa yakatulisha. Mwaka wa jua yakafa madoa. Ndivyo walivyo samaki, dada, ila tofauti yao iko ndani, macho hayaioni. Ukichukua wa tumbo moja tu ukawazalisha wao kwa wao, umebaki na punje ya rangi moja. Ugonjwa mmoja, baridi moja, wamekwisha. Na hata bila ugonjwa, ndugu wakizaana watoto huanza kuharibika.

Madume utawajua kwa kidevu. Majike ni ya kijivu tu, sawasawa na majike ya wale weupe, hata mimi siwezi kuwatenganisha kwa macho bila kuwapasua. Lakini Kitobo hakuna mgeni, kwa hiyo jike lolote la Kitobo ni la kwetu. Nakuomba kitu kimoja: mtu asivue Kitobo mpaka nije na gari. Wewe wanakusikiliza.

Kuhusu weupe walivyofika, ni habari ndefu, mambo ya mafuriko ya mwaka ule. Tutazungumza nikija.

Tharsisi


Kibondo, barabara ya Kakonko,
20 Septemba 1974

Kwa Tharsisi,

Amani ya Bwana. Utaona anwani imebadilika. Tumehamia kijiji kipya tangu mwezi wa saba, wote wa Nyamuzi na wa vilima vitatu. Tumewekwa barabarani ili tupate shule, zahanati na maji ya bomba. Mimi Nestori nimechaguliwa katibu wa kijiji, uniombee.

Maneno ya dada yako: Marahaba. Tumefika salama. Nyumba imebaki kule. (Amesema niandike zaidi kuhusu nyumba, kisha amesema basi, inatosha.) Mihogo tuliiacha bado midogo. Tumepanda upya hapa, mvua haijaja. Bomba nalo bado. Kurudi Nyamuzi hairuhusiwi, ni mwendo wa saa tatu na mgambo wako njiani. Kitobo si mbali na hapa, iko upande huu wa kilima. Samaki wapo. Nimewaambia watu kuna chatu.

Gauni limefika, tunashukuru. Rosa ameachishwa kunyonya, maziwa ya Esteri yamekata. Gauni linampwaya.

Theodosia


Kasulu,
9 Desemba 1974

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa posta ya Kibondo wiki nyingi, nimeipata juzi. Tangu hapo Epifania ananiuliza swali moja: gauni linampwayaje mtoto wa miaka miwili, kama si mgonjwa? Jibuni upesi. Natuma debe la unga kwa lori la Bwana Tamimu, mfanyabiashara wa hapa anayekuja huko kununua maharage. Ni kidogo, huku pia tunapanga foleni.

Gari la kituo limesimama. Petroli hakuna, tunaambiwa mwaka ujao. Nilitegemea nije Oktoba, nikategemea Novemba, sasa naona sitakuja. Tamimu amekubali kunisaidia. Mwezi wa pili atakuja na mapipa mawili matupu. Wewe na shemeji mjaze maji ya Kitobo humohumo, muwatie ngege bila kuwabana, mfunike kwa gunia lenye maji. Njiani utingo wake atabadilisha maji kila penye mto.

Arobaini, dada. Hata thelathini. Kutoka kila pembe.

Tharsisi


Kibondo,
22 Februari 1975

Kwa Tharsisi,

Amani ya Bwana. Lori linaondoka sasa hivi, dereva anapiga honi. Theodosia anasema: unga ulifika, Mungu awabariki. Rosa hajambo. Pipa ni moja, la pili limerudi tupu. Samaki ni kumi na tisa. Melkiadi amewabeba kutoka Kitobo akisaidiana na Esteri, pipa kwenye mti mabegani, mguu wake umevimba. Usiulize zaidi kwa sasa.

Theodosia (kwa mkono wa Nestori)


Kasulu,
30 Aprili 1975

Dada yangu,

Shikamoo. Mpe shemeji pole ya mguu. Epifania alilia kwa furaha uliposema Rosa hajambo, kisha akasema mbona hukueleza alikuwa na nini.

Walifika kumi na mmoja wakiwa hai. Nawashukuru, najua ile njia ya kilima. Niliwaweka bwawa la sita nikakaa nao siku nzima. Lakini dada, ni wadogo wote. Wote kimo kimoja. Bi Mwajabu alipita hapa kwenda Kibondo kwa kazi zake, akawatazama, akapima wanne na wale waliokufa. Akanishika bega akasema, "Bwana Tharsisi, hawa ni ndugu wa tumbo moja." Nikamwambia haiwezekani, Kitobo wamejaa, dada yangu aliwaona hawahesabiki. Akasema, "Basi muulize dada yako."

Nakuuliza. Wako wapi wakubwa? Kwa nini pipa la pili lilirudi tupu?

Tharsisi


Kibondo,
17 Julai 1975

Kwa Tharsisi,

Amani ya Bwana. Dada yako anakusalimu. Hajambo na nyumba yote hawajambo. Kuhusu swali lako, Kitobo ilikauka kwa jua la mwaka jana. Mvuvi ni Mungu, hutoa na hutwaa.

Nestori, kwa niaba ya Theodosia


Kasulu,
2 Oktoba 1975

Dada yangu,

Shikamoo. Barua iliyotoka kwako mwezi wa saba ilikuwa na mistari mitatu, na hata mmoja haukuwa wako. Ninakujua unavyozungumza.

Kitobo haikauki. Tulizaliwa chini yake. Mwaka ambao ng'ombe wa Heru Juu waliletwa mpaka kwetu kutafuta maji, Kitobo ilikuwa inamfikia baba shingoni.

Ngege wako wamezaa. Niliona jike limefumba mdomo halili, nikajua limebeba mayai mdomoni. Nilingoja kama mtu anayengoja mkewe. Watoto walipotoka walikuwa wengi, nikafurahi siku mbili. Sasa wanakua na naona. Kuna ambao uti wa mgongo umepinda kama ndoano. Kuna ambao kifuniko cha shavu ni kifupi, nyama nyekundu inaonekana. Wanazunguka upande mmoja. Kila asubuhi natoa waliokufa kwa chujio la chai la Epifania, ambalo hatalitumia tena. Ndivyo alivyosema Bi Mwajabu, ila hakusema itakuwa haraka hivi.

Dada, kama kuna neno lisiloweza kupita kwenye mkono wa mtu mwingine, nasikia kijijini kwenu kuna kisomo cha watu wazima. Mimi nitangoja hata mwaka.

Tharsisi


Kibondo,
11 Januari 1976

Tharsisi mdogo wangu,

Amahoro. Amani iwe kwenu. Barua hii ni ya mkono wangu mwenyewe. Nimeiandika siku nne. Kisomo ni jioni tukitoka shamba, mwalimu ni binti mdogo kuliko Esteri, tukipatia neno anatupigia makofi. Usicheke herufi.

Melkiadi yupo, mguu bado. Esteri yupo. Rosa yupo, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kitobo haikukauka. Nestori aliandika vile kwa sababu mimi nilinyamaza na yeye alitaka kumaliza barua. Ningemwambia nini aandike? Na yeye alikuwepo.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja mwaka ule wa kuhama. Hapa barabarani hapakuwa na kitu. Tulichimba mizizi ya porini, tukachemsha mara tatu kutoa uchungu. Rosa alivimba miguu. Nywele zake zikawa nyekundu, zikatoka ukizishika. Nikimbonyeza mguu kidole changu kinaacha shimo. Halafu akaacha kulia. Tharsisi, mtoto asiyelia ni kitu kibaya kuliko vyote nilivyoona.

Kamati ya kijiji ikakaa. Wakauliza nani anajua mahali penye samaki upande huu wa mgambo. Mimi nikasema najua. Hakuna aliyenilazimisha. Wakasema, "Si ulisema kuna chatu?" Nikasema, "Hakuna chatu, nifuateni."

Tulichuma utupa, ule mmea wa sumu ya samaki, tukautwanga juu ya mawe ya maporomoko. Nilitwanga na mimi. Maji yakawa kama maziwa. Wakaanza kupanda juu wamegeuza matumbo, madume na videvu vyao vyekundu, wakubwa kuliko nilivyowahi kuona, maana hakuna aliyewavua tangu niwatishe watu. Mimi niliwatunza wakanenepa. Majike walikuwa wanatema watoto mdomoni, watoto wakaelea kama makapi ya mtama. Watu walikuwa wanacheka kwa furaha, na mimi nilicheka. Tulijaza vikapu vyote tukajaza na vitenge. Nestori alisali kabla ya kugawa. Hakubaki kitu.

Rosa alikula. Nilimchambulia miiba na vidole nikamlisha kidogo kidogo. Siku ya tatu alilia. Nilitoka nje nikakaa chini.

Kesho yake nilipanda peke yangu. Pale kijito kidogo kinapoingia pembeni, ambapo sumu haikufika, nikakuta jike mmoja hai, mdomo umejaa. Nikamzungushia mawe. Nilimpelekea pumba niliyojinyima. Wale kumi na tisa ni watoto wake. Yeye alikufa kabla lori halijaja. Mtaalamu wako alisema kweli.

Sikuomba msamaha mpaka leo kwa sababu sijui mtu anaombaje msamaha wa jambo ambalo angelirudia. Ningelirudia. Lakini kila nikipita pale nazunguka mbali nisiyaone yale maji.

Dada yako
Theodosia


Kasulu,
6 Machi 1976

Dada yangu,

Shikamoo. Mkono wako naujua sasa, herufi zake zimeinama mbele kama wewe unavyotembea na mzigo. Usiniombe msamaha. Epifania nilimsomea, akasema, "Angekuwa mtoto wetu ningetwanga na mimi." Nami ningebeba kapu.

Kwa kuwa sasa unasoma mwenyewe, nami nina langu.

Uliniuliza hao weupe walitoka wapi. Walitoka kwenye madebe yangu. Mwaka 1968, nimetoka chuoni, nina miaka ishirini na mitatu na kofia mpya. Nilipewa vifaranga mia mbili nikaambiwa nifundishe watu kufuga samaki, hawa wanakua upesi, watu wetu watapata kitoweo. Nilichimba mabwawa mawili pale chini ya shamba la baba, hatua chache na ziwa. Mtu mzima mmoja aliniambia maji ya masika hufika pale. Nikamwambia nimesomea. Masika yakaja, ukuta ukameguka mchana kweupe, nimesimama pale pale na jembe mkononi. Niliwaona wakitoka. Walikwenda ziwani kwa mstari, kama watoto wa shule. Ningeweza kutoa taarifa. Pengine mwezi ule ule wangevuliwa wakaisha. Niliandika kwamba vifaranga vimestawi. Kwa taarifa ile nililetwa hapa Kasulu na cheo.

Bi Mwajabu hajui. Mkubwa wangu hajui. Nilipokutaka uwazuie watu Kitobo, nilikuwa nakutaka ufunike shimo nililochimba mimi. Ungekuwa na Nyamuzi yako nzima, hata wakati ule wa njaa mngekula wa Kitobo na wa ziwani wangebaki.

Wamebaki tisa, watano madume, majike manne. Watoto wao wamekwisha wote. Bi Mwajabu anasema tumaini ni damu nyingine tu, hata jike moja lisilo la tumbo lile. Mgambo wameondoka njiani, nasikia. Unaweza kufika Nyamuzi ukatazama? Sina haki ya kukuomba. Nakuomba.

Tharsisi


Kibondo,
20 Juni 1976

Tharsisi mdogo wangu,

Amahoro. Mvua ilikuwa nzuri, maharage tumevuna. Mguu wa Melkiadi haukunjiki tena lakini anatembea. Rosa anaongea mpaka tunamwomba apumzike.

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Tulijua. Ulipita na baiskeli mbele ya nyumba ya kila mtu, madebe yanamwagika njia nzima, unapiga mluzi. Nani mwingine angeleta samaki wageni? Baba alijua. Aliuona ule ukuta umemeguka, akaja nyumbani akasema tusikuseme, utaona mwenyewe. Alikufa akingoja useme. Mimi nilikuuliza ili useme, si kwamba sikujua. Ulipoandika mafuriko ya mwaka ule, niliona uchungu kuliko nilivyolionea ziwa.

Sasa umesema. Basi.

Nilikwenda Nyamuzi na Esteri, tukalala siku tatu kwenye kile kilichobaki cha jiko letu. Nyasi zimefika kifuani. Ziwa liko vilevile, zuri, ukilitazama hudhani limekosa kitu. Tulivua kila pembe. Weupe. Weupe. Siku ya pili Esteri akaniita, "Mama, huyu hapa!" Nikakimbia mpaka nikaanguka. Lilikuwa dume, kidevu chekundu upande mmoja tu. Upande wa pili mweupe. Tulilitazama likatutazama, tukalirudisha.

Majike tulitoa wengi. Wote wa kijivu. Nilishika mmoja mmoja nikamtazama machoni kama mjinga. Nitajuaje yupi ni wetu? Wewe mwenyewe uliandika kwamba hujui. Labda alikuwemo. Labda nilimshika nikamwachia. Sikuleta hata mmoja, maana ningeweza kukuletea mgeni ukamaliza wale tisa kwa mkono wangu mimi. Nimekwisha kumaliza wa kutosha.

Kitobo nilipanda pia. Maji ni maangavu. Hakuna kinachotembea humo isipokuwa kaa.

Theodosia


Kasulu,
14 Agosti 1976

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako wiki nyingi bila kujibu. Ya baba sitayaandika, nitakuja niyaseme kaburini kwake. Ulifanya vema kutoleta. Hapa wazima, wa pili wetu ameanza shule.

Mwezi uliopita niliitwa Kigoma siku tisa. Tumepata mkubwa mpya wa kituo, kijana, mchapakazi, hana ubaya. Alikuta bwawa la sita lina samaki tisa tu, na hesabu ya vifaranga vya kugawa vijijini inamsubiri. Alilifungulia maji yatoke, akahamisha wale tisa bwawa la nne pamoja na weupe mia saba, akalijaza la sita upya. Nilipomwuliza alisema, "Si ngege hawa na hawa, Bwana Tharsisi?"

Niliingia bwawa la nne siku mbili na wavu. Madume niliwapata wote watano, videvu viliwaka hata kwenye tope. Majike manne yamo mle, dada. Yamo. Nimeshika ya kijivu zaidi ya mia tatu. Sasa najua ulivyosimama pale Nyamuzi. Nilimwandikia Bi Mwajabu, nikamweleza na yale madebe yangu ya 1968, yote. Alijibu ukurasa mmoja. Hakunilaumu. Alisema wale watatu safi wa kwanza bado wako kwenye spiriti, atawaandikia kibandiko chenye jina la Nyamuzi na la Kitobo, ili angalau ijulikane walikuwepo. Mengine alisema hajui.

Hawa watano nimewaweka kwenye tangi la saruji nyuma ya nyumba, lile la kuvunia maji ya mvua. Mkubwa ameruhusu. Wana afya. Ndio wakubwa sasa, na ndio wote. Huenda wakaishi miaka mitano, sita.

Epifania huenda kuwatazama kabla ya mimi kuamka. Juzi aliniita. "Wanafanya nini hawa?" Nikachungulia. Kila mmoja ameshika pembe yake, ameinamisha kichwa, anachimba chini kwa mdomo. Ndivyo dume la ngege linavyofanya siku zake zikifika, dada: huchimba kiota cha duara mchangani, kisha husimama juu yake na kutikisa mapezi mpaka jike lipite lione. Hawa wanachimba saruji. Wanachimba, wanasimama, wanatikisa, wanarudi kuchimba. Epifania akauliza, "Hawachoki?"

Midomo yao imeanza kuchubuka, inatoa damu. Jana nilikwenda mtoni na baiskeli nikaleta madebe mawili ya mchanga, nikawamwagia taratibu. Leo asubuhi nimekuta viota vitano.

Mdogo wako,
Tharsisi